Bibi ni Vumilia, mjukuu aitweje?

SWALI: Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, ana wiki tatu. Tunaishi Soweto, Moshi. Mume wangu kwao ni Kilema, na kwa desturi ya ukoo wao binti wa kwanza anachukua jina la bibi mzaa baba. Bibi anaitwa Vumilia, yu hai, na ameshaambiwa. Sina ugomvi na jina, ila naliona la kizamani, tena ni kama linamwamuru mtoto avumilie kila kitu. Halafu mimi siwezi kumtaja mkwe wangu kwa jina, sasa mwanangu nitamwitaje? Wifi ameanza kumwita Via, dada yangu anasema Lia, baba mtoto anataka Vivi. Lipi lina nafuu? Na kwenye cheti tuandike lipi? Padri naye atalikubali?

JIBU: Hongera na pole ya uzazi, dada. La cheti ni fupi, tulimalize kwanza: andikeni Vumilia, herufi saba, bila kuongeza chochote. Sababu zake nitazitaja huko mbele. Kazi iko kwenye kifupi, na kati ya vitatu mlivyo navyo nyumbani hakuna hata kimoja ninachoweza kukitetea.

Via ndicho kibaya kuliko vyote. Kuvia ni kudumaa au kushindwa kuiva. Muhogo uliovia utauchemsha mpaka kuni ziishe na bado mgumu; mtoto aliyevia ni yule asiyekua. Sasa fikiria uko kliniki, mtoto yuko kwenye mizani, na wifi anaita kwa sauti, "Via, tulia upimwe." Wifi hana nia mbaya, ameusikia mlio tu. Lakini bibi wa Kilema hatasikia mlio, atasikia neno.

Lia kina kasoro nyingine: kila ukimwita unamwambia alie. "Lia, njoo." "Lia analia." Tena kinapindua jina lenyewe, maana bibi anaitwa Vumilia na mjukuu, aliyepewa jina hilohilo, anaambiwa Lia. Vivi hakina tusi, ila wenzake wakifika umri wa kucheza na maneno watamwita "vivi hivi", na mwenye ulimi mwepesi atafika kwenye "mvivu". Kasoro yake kubwa zaidi ni kwamba hakikurudishi kwenye Vumilia. Viviani, Viktoria na Violeti wote huitika Vivi. Mtu akilisikia hatajua kuna bibi nyuma yake, na kwa jina la kurithi hilo ni pungufu.

Kwa nini wifi na dada, kila mmoja kwake, wote wameangukia mwishoni mwa jina? Sababu iko kwenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunatamka vu-mi-LI-a. Sikio hukamata pale penye nguvu, na pale pana "lia". Waingereza wao majina yao mengi yana mkazo mwanzoni, ndiyo maana Prudence wakampunguza akawa Prue na Constance akawa Connie, na kazi ikaisha vizuri. Ukiiga kanuni yao bila kuangalia mkazo wetu, au ukifuata mkazo wetu bila kuangalia maana, unapata vitu kama Lia.

Kwa jina la Kiswahili fanya hivi. Liandike kwa silabi: vu, mi, li, a. Kifupi kinachodumu kwetu kina silabi mbili. Silabi moja haikai: ukimwita "Vu" watu watairefusha iwe "Vuu" au watairudia iwe "Vuvu", na hapo ushafika kwenye vuvuzela. Kisha kata kila mahali panapokatika na uangalie kila kipande kama ni neno. Mwanzo unakupa Vumi. Katikati unapata Mili na Milia. Ukiruka silabi au herufi unapata Mila, Vuli, Via. Mwisho ni Lia.

Milia ni mistari, na mtoto wa chekechea atakimalizia mwenyewe: pundamilia. Mili hakisemi kitu. Vuli ni kizuri kama mtoto amezaliwa msimu wa mvua za vuli, yaani kati ya Oktoba na Desemba. Kama amezaliwa masika kitakuwa cha kueleza kila siku. Vilivyobaki vya kushindanisha kwa haki ni Mila na Vumi.

Mila kina sauti tamu, na maana yake inakaa vizuri kwa mtoto aliyepewa jina kwa kufuata mila. Kinaishia na "a", irabu iliyo wazi, kwa hiyo ukiita kutoka jikoni kinafika getini. Hatari yake ni "mila potofu", utani ambao watu wazima hawawezi kujizuia kuufanya. Tena mgeni anayekisikia hafikirii Vumilia moja kwa moja, mpaka aambiwe.

Vumi kinaanza pale jina linapoanza, na hiyo ndiyo sifa yake kuu: anayejua kifupi anakisia jina, na anayelijua jina anakisia kifupi. Dosari ipo. Kiko karibu na "uvumi", na mtu mmoja katika kila ofisi atasema "nimesikia Vumi". Akifika darasa la kujifunza aina za maneno, somo la Kiswahili, ataitwa Kivumishi kwa muhula mzima. Utani huo hauumi. Hautaji mwili, wala ukoo, wala kabila. Upande wa pili kuna "vuma", kusikika na kujulikana, na mtoto akiulizwa kwa nini anaitwa hivyo anaweza kulishika hilo na kutembea nalo.

Na hapa ndipo ninapojibu hofu yako ya jina kuamuru. Hofu hiyo ina msingi. Majina ya tabia njema ya Kiswahili yako ya aina mbili. Kuna nomino: Subira, Heshima, Busara, Imani. Haya yanataja sifa na kunyamaza. Kuna vitenzi: Vumilia, Stahimili, Shukuru, Amini. Haya yanasikika kama maagizo, na kwa mtoto wa kike "vumilia" ni agizo ambalo shangazi wengi huwa wamelitamka sana siku ya kumfunda mwali. Kifupi kinachokata mwisho wa kitenzi kinaliondoa agizo. Vumi si kitenzi. Ukimwita "Vumi" humwambii afanye chochote. Lia ni agizo jipya, na Via ni hali inayosikitisha. Kwa sababu hiyo peke yake ningemchagua Vumi mbele ya Mila, ingawa Mila kinapendeza zaidi mdomoni.

Kabla hujakubali, kijaribu. Kiite kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya kukasirika, kisha kwa kunong'ona mtoto akiwa amelala. Kiunganishe na jina la baba na la ukoo, ukisoma kama mwalimu anayeita majina asubuhi. Kipindue pia, maana vijana wa Moshi na Arusha hawaachi neno limekaa sawa. Waliofanya Arusha kuwa Chuga hawatamwacha mwanao. Mila ukiipindua unapata "lami", utani mwepesi. Vumi unapata "mivu", si neno, ila liko karibu na mvivu; si kubwa. Mwisho mpigie shangazi yeyote wa Kilema umwulize kama "vumi" au "mila" ina maana nyingine kwa Kivunjo, lugha ya huko kwao. Swali hilo ni la dakika moja, na watu wa Kilema wenyewe wanajua vizuri kinachotokea jina zuri la mahali linapogongana na neno la lugha nyingine: kila mgeni anayejua Kiswahili tu huwauliza kwa nini mtaa wao umeitwa kilema.

Jambo moja zaidi la sauti. Watoto wengi hutamka m, b na p mapema, ilhali v na l huchelewa. Mwenyewe atajiita "Bumi" au "Umi" kwa mwaka mzima au zaidi, na kama angekuwa Mila angejiita "Miya". Msiikimbilie hiyo ya kitoto na kuifanya ndiyo jina. Ikizoeleka nyumba nzima mpaka miaka mitano, ni kazi kuiondoa, na binti wa miaka 16 hataki kuitwa Bumi mbele ya wenzake.

Kwa kuwa wasomaji wengine wana majina ya jamii hii, nitaje yanayoharibika mara nyingi. Hekima msichukue kipande cha mwisho: kima ni mnyama wa jamii ya nyani, na buchani ni nyama ya kusaga. Heki inatosha. Furaha ukichukua kipande cha mwanzo unapata "fura", yaani vimba; liacheni zima, lina silabi tatu tu na halihitaji kupunguzwa. Tumaini ndilo lenye mitego mingi: "Maini" hutokea darasa la kwanza bila kukosa, na "Tuma", ambalo zamani lilikuwa salama, siku hizi ni nusu ya sentensi ya kuomba hela kwa simu. Tumi ni afadhali. Adili akiitwa Dili mtaani ataonekana mtu wa magendo. Adi ni sawa. Shukrani msimwite Shuku, maana ni kudhania mtu vibaya. Subira akiwa Subi anamkaribia usubi, yule mdudu mdogo anayeuma. Upande wa yaliyokatika vizuri: Stahimili inakupa Stahi, ambalo ni heshima na pengine linapita jina lenyewe kwa uzuri, Huruma inakupa Huru, Busara inakupa Sara, ila huyo atalazimika kueleza maisha yake yote kwamba si Sara wa Biblia, na Upendo ni Pendo, ambalo limesimama lenyewe siku nyingi.

Familia za Kilutheri zina tatizo lao. Elifuraha, Elirehema, Elibariki na Elisante wakizaliwa nyumba moja, wote wanakuwa Eli, na ukiita mmoja wanakuja wanne. Hapo kanuni ya kuchukua mwanzo inageuka: Eli ni ya wote, tofauti iko nyuma, basi chukua kipande cha nyuma, Rehema au Rema, Bariki, Sante. Yale ya Kilatini ya Wakatoliki, kina Prudensiana na Konstansia, hayana shida ya maana kwa Kiswahili, shida yao ni urefu. Silabi mbili za mwanzo na irabu mwishoni zinatosha.

Usidhani sisi peke yetu ndio tunaohangaika. Meli ya Mayflower iliyotoka Uingereza kwenda Amerika mwaka 1620 ilikuwa na abiria walioitwa Humility, Desire, Remember na Resolved, yaani Unyenyekevu, Shauku, Kumbuka na Aliyeazimia. Mmoja wa wazee wao, William Brewster, watoto wake wanne waliitwa Patience, Fear, Love na Wrestling: Subira, Hofu, Upendo na Mieleka. Kumbuka na Mieleka, kwa kizamani, vinamshinda Vumilia wako mbali. Warusi wana Nadezhda, maana yake Tumaini, na karibu kila mmoja wao huitwa Nadya nyumbani. Wahispania wana Consuelo, ambaye ni Faraja, na kifupi chake ni Chelo. Angalia walichofanya: Nadya na Chelo ni majina ya kuitana sebuleni, hayahubiri, lakini kila Mrusi na Mhispania anajua jina zima lililo nyuma. Hicho ndicho unachotafuta.

Sasa la mkwe. Kutomtaja mkwe kwa jina ni jambo la nyumba nyingi, na njia iliyozoeleka ni mama kumwita mtoto "Mama" au "Bibi". Njia hiyo ni nzuri kwa heshima na mbaya kwa mtoto akibaki nayo peke yake, maana anafika shuleni akiwa na jina ambalo mama yake hajawahi kulitamka, na mwalimu akisoma "Vumilia" anatazama wengine aone nani ataitika. Kifupi kinakutoa hapo, ila usijipe ruhusa mwenyewe. Nyumba nyingine hukihesabu kifupi kuwa ni kumtaja mkwe nusu, tena kwa dharau. Mume ndiye aende amwulize mama yake, ana kwa ana, si kwa simu wala kwa kupitia wifi. Aulize mambo mawili: kama hatachukia wajina wake akiitwa Vumi, na yeye mwenyewe alipokuwa msichana walimwitaje. La pili lina uzito kuliko la kwanza. Bibi wa Kilema aliyeitwa Vumilia utotoni hakuitwa Vumilia kila siku na mama yake. Kuna namna walivyomfupisha, na inawezekana watu wanaoikumbuka sasa ni wawili au watatu. Akiitoa, na ikapita mitihani niliyoitaja hapo juu, ichukueni hiyo na Vumi wangu muuache. Mtoto atakuwa amerithi jina mara mbili.

Na wewe pia unapata jina hapa, usilisahau. Ni mtoto wako wa kwanza. Kuanzia sasa sokoni, kanisani na kwenye kikoba utaitwa Mama fulani, pengine mpaka uzeeni. Mama Via? Mama Lia? Jiite mwenyewe kwa sauti. Baba mtoto naye ajiite Baba Vivi mbele ya rafiki zake aone kama anakitaka bado.

Kuhusu padri, Kanuni ya 855 katika sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Haidai jina la mtakatifu. Vumilia linapita. Mkipenda kuongeza la mtakatifu ongezeni, ila mjue kwamba kila jina la nyongeza likiingia kwenye karatasi moja na kukosekana kwenye nyingine ni usumbufu mnaomwekea mtoto.

Karatasi zenyewe ni hizi: tangazo la kizazi mlilopewa hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kuzaliwa cha RITA, kisha fomu ya shule. Kosa linaloonekana zaidi ni kifupi kuingia kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu muuguzi aliuliza "anaitwa nani?" na mama akajibu alivyozoea. Kosa la pili ni tahajia: Vumiliya, Vumillia. Kila moja ni mtu mwingine mbele ya karani. Jina lililosajiliwa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi ndilo litakalomfuata kwenye vyeti vya mbele, na kulibadili ukubwani kunahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina, mwanasheria na gharama. Akifika miaka 18 na kupata namba ya NIDA, laini yake ya simu itasajiliwa kwa alama za vidole na jina lile la kwenye kitambulisho, na kila atakayemtumia pesa ataliona Vumilia kabla ya kubonyeza kukubali. Kwa hiyo Vumi kiishie kwenye keki, kwenye sweta la kufumwa na mdomoni. Nyinyi nanyi mfundisheni jina zima mapema, kabla hajaanza darasa la awali akiwa na miaka mitano: mgeni akimwuliza jina ajibu Vumilia, wa nyumbani wamwite Vumi.

Wifi akiendelea na Via, msigombane. Mwambieni maana yake mara moja, mbele ya bibi ikiwezekana, kisha nyumba nzima itumie Vumi kila siku bila kukosa. Kifupi hushinda kwa kutamkwa mara nyingi, hakishindi kwa mabishano. Na msichelewe: usajili wa kawaida wa kizazi ni ndani ya siku 90, mtoto ana siku 21 au zaidi kidogo, basi mume aende Kilema Jumamosi hii, na wiki ijayo mpeleke tangazo la kizazi likiwa na jina moja tu.